Alama kwa uhakika haziwaonei wapole

Mwalimu, umeuliza kama kutoa alama za maswali ya kuchagua kwa kuangalia uhakika wa mwanafunzi si kuwaonea wapole na kuwabeba wenye kujitapa. Hesabu ikipangwa vizuri, inakuwa kinyume kabisa.

Chukua mfumo wa Profesa Tony Gardner-Medwin, uliotumika kwa wanafunzi wa udaktari pale chuo kikuu cha UCL (University College London), Uingereza, tangu miaka ya 1990. Ukishachagua jibu, unaweka na kiwango cha uhakika: 1, 2 au 3. Ukipata, unavuna alama hizo hizo. Ukikosa, kiwango cha 1 hakikukati kitu, cha 2 kinakukata 2, cha 3 kinakukata 6. Sita! Hapo ndipo mwenye kujitapa anapoumia.

Piga hesabu mwenyewe: kuweka 3 kunalipa pale tu uhakika wako unapozidi asilimia 80, kuweka 2 ni kati ya 67 na 80, chini ya hapo, weka 1. Yaani anayesema ukweli kuhusu anachokijua ndiye anayevuna zaidi. Na kwa daktari mtarajiwa hilo ni jambo kubwa, maana anayekosea kipimo cha dawa huku hana shaka hata chembe ni hatari kuliko anayesita akauliza.

Ila tafadhali usiwashtukize nao kwenye mtihani wa mwisho. Waanzie kwenye mazoezi yasiyohesabiwa. Mwanafunzi mpole akiona mara tatu nne kwamba zile "1" zake karibu zote zilikuwa sahihi, ataanza mwenyewe kuweka 2.