Rimu za Alumini: Rangi Haitibu Kutu

Rimu zangu zimetoka malengelenge, ukiyakwangua unatoka unga mweupe. Ni rangi gani ya kopo itakayofunika?

Hakuna. Swali hili halikomi kuletwa, na kila anayeuliza anataka rangi, hataki msasa. Jiwe au ukingo wa barabara ukishachubua laka (rangi angavu ya juu kabisa), maji na chumvi hupenya, na kutu hutambaa chini kwa chini kama nyuzi. Lengelenge unaloliona ni mlango tu. Ukipuliza rangi juu yake umeifungia kutu ndani na unyevu wake, na itafumuka tena.

Vua gurudumu, lioshe, likauke. Piga msasa namba 80 au 120 kutoka kwenye kidonda kwenda nje, hadi ufike mahali ambapo rangi imeshika kweli na kucha haiinui. Vishimo vyeusi navyo vitoke, usiviachie puti ivifiche. Laini kwa 240 kisha 400, futa mafuta kwa kitambaa safi, na usiiguse tena kwa mkono mtupu. Praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha, iende siku hiyo hiyo, kwa sababu alumini tupu huanza kujijengea utando wa oksidi mara tu inapokutana na hewa. Chagua ya epoksi au ya asidi. Usizipandanishe isipokuwa maelezo ya kopo yameruhusu. Kisha rangi, kisha laka. Laka ya kuchanganya na kikaushio ina isosianeti inayoharibu mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu.

Naweza kutumia brashi ya waya kwenye drili?

Ya chuma, hapana. Chembe zake hubaki kwenye alumini na kuanzisha kutu upya. Tumia ya nailoni.

Tairi linapungua upepo taratibu, fundi hakupata msumari. Niongeze upepo tu?

Usiongeze tu. Kagua valvu, kisha tairi livuliwe uangalie pale mdomo wake unapokaa kwenye rimu. Kutu ikishaukwaruza ukingo huo, upepo hupita. Pasafishwe pawe laini, pasijazwe rangi nene. Mkiwa hapo, kagua pia chini ya vyuma vya balansi vya kubana: hukwaruza rangi, na kutu hupenda kuanzia hapo. Omba vya kubandika.

Dawa ya asidi inang'arisha haraka. Kuna ubaya?

Upo. Baadhi zina asidi ya haidrofloriki, inayopenya ngozi hadi mfupani. Na magadi makali ya kusafishia oveni hula alumini yenyewe.

Nipake rangi na upande wa nyuma unaogusana na habu, yaani kitovu kinachobeba gurudumu?

Usithubutu. Pale, na kwenye viti vya nati, metali inakaa juu ya metali. Rangi nene hubonyea gari likitembea, nati zinalegea, na gurudumu linaweza kuchomoka. Ziba sehemu hizo kwa tepu kabla ya kupuliza. Kaza nati kwa spana ya kipimo (inayopima nguvu ya kukaza), kisha rudia baada ya kilomita 50 hadi 100, hata kama rimu imepakwa na fundi unayemwamini.