Kabla hujasaini fomu ya utafiti wa mtoto

Mama mmoja ametuandikia: mwanawe ameombwa kushiriki utafiti wa dawa, fomu ya ridhaa ina kurasa nyingi, na saini inatakiwa leo leo. Kama si dharura, usisaini leo. Omba nakala uende nayo nyumbani. Mtafiti anayekasirika kwa ombi hilo amekwisha kukupa jibu.

Wazazi wengi hudhani utafiti ni tiba bora zaidi iliyofichwa mahali. Sivyo. Utafiti unatafuta jibu la swali, na mtoto anaweza asinufaike kabisa. Kwa hiyo uliza: asiposhiriki, atatibiwaje? Akishiriki, kitaongezeka nini, na kitapungua nini? Mara nyingi watoto hugawiwa makundi kwa bahati nasibu, hata daktari asijue nani anapewa dawa na nani plasebo, yaani kitu kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani. Usimbembeleze akuchagulie kundi. Hana uwezo huo.

Kwenye damu, dai hesabu kwa mililita. Mtoto ana takriban mililita 80 kwa kila kilo ya uzito, hivyo mwenye kilo 10 ana kama 800. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2008 ulipendekeza damu ya utafiti isizidi asilimia 1 ya damu yote ya mtoto kwa mara moja, wala asilimia 3 ndani ya wiki 4. Kwa mtoto huyo ni mililita 8, na 24 kwa jumla. Akiwa na upungufu wa damu, kiasi kinapaswa kushuka. Uliza pia kama itachotwa pamoja na ya vipimo vya kawaida, achomwe sindano moja badala ya mbili. Swali hili wazazi hulisahau, na mtoto ndiye anayelia.

Kurudishiwa nauli ni sawa. Ila ukijikuta unapiga hesabu ya posho kabla ya kusoma ukurasa wa madhara, weka kalamu chini. Na mtoto aliyefikia umri wa kuelewa aulizwe mwenyewe. Wewe kukubali hakufuti kukataa kwake.

Kujitoa kunaruhusiwa wakati wowote bila kupoteza matibabu ya kawaida. Lakini usimwachishe dawa kimyakimya: za kifafa, kwa mfano, zikikatwa ghafla zinaweza kuleta degedege kali. Omba ratiba ya kupunguza dozi, kisha uliza sampuli zilizobaki zitahifadhiwa au zitaharibiwa.