Taka za mjini zinazoishia shambani: maswali ya wasomaji na majibu

Safu ya toleo hili tumeitenga kwa barua zilizotufikia kuhusu taka katika mji wa Moshi na vijiji vinavyouzunguka. Moshi umeshika nafasi ya kwanza mara nyingi katika mashindano ya usafi wa miji nchini Tanzania, na wakazi wake wana haki ya kujivunia sifa hiyo. Hata hivyo, barua nyingi hazikutoka katikati ya mji, zilitoka pembezoni na vijijini, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa namna mbalimbali: taka zikishaondoka barabarani, zinakwenda kwa nani?

SWALI: Mimi ni mkulima wa mpunga katika skimu ya Lower Moshi. Kila mvua za masika zinapoanza, mfereji unaotuletea maji hujaa chupa za plastiki, vifungashio vya sabuni na matambara. Tunaingia mferejini kuzibua, lakini mvua ikinyesha tena hali inarudi ile ile. Taka hizi hatukuzitupa sisi. Ni nani anayepaswa kuwajibika?
Mkulima, Moshi Vijijini

JIBU: Pole kwa kazi hiyo, ndugu yetu. Skimu yenu, iliyoanza kufanya kazi mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, hupata maji yake kutoka mito ya Njoro na Rau, ambayo hupita karibu na makazi ya watu kabla ya kufika kwenye mashamba ya tambarare. Wakati wa kiangazi taka ndogondogo hujikusanya kwenye mitaro ya barabara bila mtu kuzitilia maanani, kwa kuwa kifuniko cha chupa au karatasi ya biskuti haimzuii mtu kupita. Mvua kubwa ya kwanza huzisomba zote kwa siku moja na kuziingiza mtoni, na mto huzileta kwenu. Chupa peke yake haizibi mfereji. Kinachoanza ni tambara au kamba inayonasa kwenye lango la kugawia maji, kisha magugu yanashika hapo, matope yanajaa nyuma yake, na chupa zinamalizia. Wenye mashamba ya mwisho wa mfereji ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu maji yanayofurika juu ya lango lililoziba hupotelea njiani kabla ya kuwafikia.

Upande wa magharibi wa mji mambo hayana nafuu. Mito ya Karanga na Weruweru huingiza maji yake katika Mto Kikuletwa, Kikuletwa humwaga katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo Mto Pangani husafiri hadi Bahari ya Hindi. Chupa iliyodondoshwa mtaroni Moshi inaweza kabisa kuokotwa na mvuvi wa bwawani.

Kuhusu wajibu, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazipa mamlaka za serikali za mitaa jukumu la kusimamia taka ngumu katika maeneo yao. Ugumu wenu ni kwamba taka zinazalishwa katika eneo la Manispaa na kuleta madhara katika eneo la Halmashauri ya Wilaya, na kwa hiyo kila upande unaweza kuona kuwa umetimiza wajibu wake huku mfereji ukiendelea kuziba. Maoni yetu ni kwamba gharama ya kusafisha mlango wa mfereji ni sehemu ya gharama ya usafi wa mji, na si haki kuiacha ibebwe na mikono ya wakulima. Aidha, mitaro ya mjini inapaswa kuzolewa mwezi Februari, kabla ya masika, kwa maana ikizolewa Aprili taka zimekwishafika kwenu.

Tunashauri umoja wenu wa wamwagiliaji uandike barua kupitia kwa mtendaji wa kijiji kwenda kwa wakurugenzi wa halmashauri zote mbili, na nakala iende Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo makao yake yako hapo hapo Moshi. Ambatisheni picha zenye tarehe, na mtaje saa za kazi na idadi ya watu mliowatoa mashambani ili wazibue. Malalamiko yenye hesabu ni vigumu kuyaweka kando.

SWALI: Ninauza chakula karibu na soko. Kila jioni nakusanya maganda, majani ya migomba, vifuko na chupa, nachoma vyote nyuma ya banda kwa sababu gari la taka halipiti kila siku. Jirani yangu analalamikia moshi, nami sioni njia nyingine. Je, kuchoma ni kosa?
Mama lishe, Moshi

JIBU: Mama, jirani yako ana haki ya kulalamika, na wewe una haki ya kuuliza njia nyingine iko wapi. Moshi wa taka zilizochanganyika una sumu, hasa kunapokuwa na plastiki ya aina ya PVC, ile inayotengenezea mabomba, ngozi za bandia na nyaya za umeme. Ikiungua kwa moto wa kawaida, ambao hauna joto la kutosha, hutoa sumu iitwayo dioksini. Sumu hii haipotei na upepo. Hutua ardhini pamoja na majivu, kuku wa kienyeji huidonoa, na hujilimbikiza kwenye mafuta ya mwili wake na kwenye kiini cha yai. Kwa hiyo anayedhurika na moshi huo si wewe na jirani peke yenu. Mtoto anayekula yai la kuku aliyechakura kwenye jivu hilo anapata sehemu yake.

Sasa tutazame rundo lako lenyewe. Zaidi ya nusu ya taka za miji yetu ni vitu vinavyooza, na kwa mama lishe ni sehemu kubwa zaidi: maganda ya ndizi na viazi, mabaki ya mchicha, majani ya migomba, makombo. Vitu hivi havihitaji moto hata kidogo, ila vinakuwa taka pale vinapochanganywa na plastiki. Ndoo nzima ya maganda safi ni chakula cha ng'ombe, lakini ikiwa na vifuko viwili vya chumvi ndani yake hakuna mfugaji mwenye akili atakayeithubutu. Kwa hiyo utenganishaji ufanyike pale pale unapomenyea. Ukifungua kifuko cha chumvi au ukikata kamba iliyofunga fungu la mboga, kiende moja kwa moja kwenye kiroba kilichotundikwa ukutani, kabla hakijagusa maganda.

Wachagga hawahitaji kufundishwa jambo hili. Katika kihamba, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, ganda la ndizi huenda kwa ng'ombe, samadi ya ng'ombe huenda kwenye shina la mgomba, na mgomba huleta ndizi nyingine. Mzunguko huu unakatika ndizi inaposhuka mjini, kwa kuwa maganda hayarudi. Tunajua kwamba magari hupandisha majani na mabua kutoka tambarare kwenda kwa wafugaji wa milimani, na yale yanayoshusha mikungu sokoni mara nyingi hurudi yakiwa na nafasi. Mama lishe watano au sita wa eneo moja wakikubaliana na mfugaji mmoja, viroba vya maganda safi vinaweza kupanda na gari hilo hilo, na mwenye ng'ombe akalipa nauli kwa furaha. Makombo ya chakula kilichopikwa wapelekee wafuga nguruwe, lakini yachemshwe kwanza ili kuepuka magonjwa. Chupa za maji na soda zina wanunuzi wanaozipima kwa kilo, au mpe kijana anayeziokota, naye atakushukuru kwa kutomlazimisha kuzichambua jaani. Kitakachobaki kwa ajili ya gari la taka kitaingia kwenye kiroba kimoja kidogo, kisichotoa harufu, na unaweza kukitunza siku mbili au tatu bila kero.

Kuhusu kosa, ndiyo: Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 na sheria ndogo za halmashauri zinakataza uchafuzi unaowakera na kuwadhuru wengine. Lakini tungependa afisa afya wa kata aanze kwa kukueleza ratiba ya gari la taka kabla ya kukuandikia faini, na una haki ya kuidai ratiba hiyo kwa maandishi, maana ada ya uzoaji taka unailipa.

SWALI: Ng'ombe wangu alikonda ilhali alikuwa akila. Nilipoona anazidi kudhoofu nilimpeleka machinjioni, na tumboni mwake tukatoa bonge la mifuko na kamba lililofungamana, kubwa kuliko kichwa cha mtu. Si mifuko ilipigwa marufuku?
Mfugaji, Himo

JIBU: Pole kwa hasara, ndugu mfugaji. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Kwa mujibu wa kanuni za marufuku hiyo, anayekutwa akiitumia hutozwa faini kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000, na mtengenezaji huanzia shilingi milioni 20. Lakini kanuni hizo hizo ziliacha vifungashio vya dawa, vya viwandani, vya kilimo na vya vyakula vinavyosindikwa, na hapo ndipo ulipo mwanya. Kifungashio laini kilichokusudiwa kuhifadhi bidhaa hugeuzwa kibebeo cha nyanya na vitunguu, hutumika mara moja na kutupwa. Hata baadhi ya mifuko mbadala ni duni. Kiwango kinachotakiwa ni uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba, nao mwepesi zaidi ya hapo huchanika upesi na kuishia pale pale ulipokuwa ukiishia ule wa zamani.

Ng'ombe hachambui chakula kwa ulimi kama mbuzi anavyochambua kwa midomo yake, na hupenda kifuko kwa sababu ya chumvi au mabaki ya chakula yaliyomo. Kikishaingia katika tumbo kubwa la kwanza hakiyeyuki wala hakipiti. Hukaa humo, kingine kikajiviringisha juu yake, hadi nafasi ya majani inakwisha na mnyama anadhoofu akiwa mbele ya malisho. Daktari wa mifugo anaweza kupasua tumbo na kulitoa bonge, iwapo ataitwa mapema, yaani pale unapoona tumbo linajaa upande wa kushoto mara kwa mara na kucheua kunapungua. Kwa sasa usiwachunge karibu na vizimba vya taka wala kwenye viwanja vya gulio siku inayofuata mnada.

SWALI: Kwa nini Kigali waweze kudhibiti taka na sisi tushindwe?
Msomaji, Moshi

JIBU: Rwanda ilipitisha sheria ya kuzuia mifuko ya plastiki mwaka 2008, na Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi wananchi hutoka kwa umuganda, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea. Nasi tuna Jumamosi yetu ya usafi ya mwisho wa mwezi, kwa hiyo nia haikosekani. Tofauti kubwa ni uthabiti wa kusimamia. Pamoja na sifa hizo, barabara safi si jibu lote, kwani taka za Kigali hupelekwa Nduba, nje ya kitovu cha mji, ambako zimekuwa zikimwagwa zikiwa zimechanganyika, na wanaoishi jirani na dampo hilo wamebeba harufu ambayo mgeni wa mjini haisikii. Tuige uthabiti wao, lakini kazi ya kutenganisha taka nyumbani tusiache kuifanya kwa kudhani kwamba kufagia kunatosha.

SWALI: Kila Desemba watoto na wajukuu wangu hurudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na Arusha. Tunafurahi sana, lakini wakiondoka wanaacha rundo la chupa, makopo na pampasi. Huku kijijini hakuna gari la taka. Watu wanatupa korongoni. Mimi sipendi, lakini nizipeleke wapi?
Bibi, Kibosho

JIBU: Shikamoo Bibi. Swali lako linagusa maelfu ya familia za mkoa huu. Shimo la taka la kihambani lilichimbwa kwa ajili ya vitu vinavyooza, na kwa vitu hivyo bado linafaa. Chupa, kopo na pampasi havikuwemo katika hesabu ya waliolichimba. Korongoni hazifai kabisa, kwa sababu maji ya korongo huingia kwenye mifongo, yaani mifereji ya asili, ya majirani wa chini, na yanayobaki huendelea hadi kwa mkulima aliyeandika barua ya kwanza katika ukurasa huu.

Tunakuomba uwaambie wanao bila haya: gari lililoleta katoni za soda zilizojaa lina nafasi ya kurudisha chupa tupu, ambazo ni nyepesi zaidi. Chupa za plastiki zikanyagwe zipungue, makopo yasuuzwe, vyote vifungwe kwenye viroba na kuondoka siku wanayoondoka wao, kwa kuwa huko waendako kuna wanunuzi wa chakavu na magari ya taka. Juu ya kijiji chako, katika Hifadhi ya Mlima Kilimanjaro, makundi ya watalii hutakiwa kushuka na taka zao, nazo hupimwa kwa mizani. Kama wageni wanaweza kulitimiza hilo kutoka kambi za mlimani kwa mabega ya wapagazi, wajukuu wanaweza kulitimiza kwa buti ya gari.

Pampasi ndiyo ngumu zaidi, na hatutakudanganya kwamba kuna njia nzuri. Kinyesi kimwagwe chooni kwanza. Pampasi zenyewe zisichomwe wala zisitumbukizwe chooni, maana hunyonya maji, huvimba na kujaza shimo mapema. Chimbeni shimo la pekee, mbali na chemchemi na mfongo, na kila mnapotupa mfunike kwa udongo ili mbwa wasizifukue. Bora zaidi, mama wa mtoto atumie nepi za kitambaa kwa wiki hizo mbili za likizo, kwa vile nyumbani wapo shangazi na mabinti wa kusaidia kufua. Betri za redio na tochi zisiingie shimoni kamwe. Ziweke kwenye kopo lenye kifuniko, mahali pakavu wasipofika watoto, na ziende mjini na gari la kwanza la Januari.