Watoto 72 na simu moja: jibu kwa mwalimu wa Singida

Mwalimu mwenzangu, swali lako nimelisoma jana usiku na nimeamka nalo. Unasema umepangiwa Sanaa na Michezo darasa la tano, watoto 72, simu moja ambayo ni yako mwenyewe, kompyuta hakuna, na mwalimu mkuu anataka siku ya wazazi kuwe na kitu cha kuonyesha. Unauliza kama kazi ya picha na usanifu inawezekana kweli katika hali hiyo.

Inawezekana. Nafundisha shule ya msingi hapa Tanga mjini, na huu ni mwaka wa sita nafanya kazi hii na watoto. Mwaka wa kwanza nilikuwa nao 68 na simu yenye kioo kilichopasuka. Nakuandikia kwa kirefu kwa sababu mimi wakati naanza sikuwa na wa kumuuliza.

Kwanza, hiyo simu iweke kabatini wiki tatu za mwanzo. Mtoto ukimpa simu siku ya kwanza anafanya alichokwisha kuona watu wakifanya: anamsimamisha mwenzake, mwenzake anakaa pozi, vidole viwili juu, basi. Utarudi nyumbani na picha 72 zinazofanana. Anachotakiwa kukutana nacho kwanza ni mwanga.

Mimi naanza na manjano, ile bizari ya njano ya kupikia. Kila aliyelelewa pwani anajua kuwa mchuzi wa manjano ukimwagikia nguo, doa lake ukilifua halitoki, na ukilipaka sabuni ndio kwanza linageuka jekundu. Dawa yake ni kulianika juani, jioni unakuta limekwenda. Jua linakula manjano. Waulize watoto wako, nina hakika wapo watakaokujibu hivyo kabla hujamaliza kuuliza, maana wameona kwa mama zao. Hiyo ndiyo picha ya kwanza watakayotengeneza, na haihitaji kamera.

Fanya hivi. Chukua vijiko vitatu vya chakula vya manjano ya unga, vitie kwenye nusu kikombe cha spiriti ile ya duka la dawa, koroga, acha robo saa, kisha chuja kwa kitambaa chepesi. Kazi ya spiriti ni yako peke yako, mbali na jiko na watoto, madirisha yakiwa wazi. Paka maji hayo kwenye karatasi nzito nyeupe kwa brashi pana, ukiwa kivulini, na uzianike karatasi kivulini. Zikikauka, kila mtoto anaweka juu yake kitu chake: jani la mwarobaini, unyoya wa kuku, kipande cha kimia, ufunguo. Kwenu Singida mna alizeti, petali zake nadhani zitapendeza. Juu yake weka kipande cha kioo ambacho wewe mwenyewe umekipitishia msasa kwenye kingo, bana kwa vibanio vya nguo, peleka juani. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, njano yote iliyo wazi inapauka na kubaki karibu nyeupe, na palipofunikwa panabaki njano na umbo kamili la jani, hadi mishipa ikiwa jani lenyewe ni jembamba.

Usiwape jibu mapema. Waache wachungulie. Mwaka jana kuna kijana alitega vidole vyake juani juu ya karatasi kwa muda ambao mtoto wa miaka kumi na moja anaweza kuvumilia, kama dakika tano hivi, akakuta hakuna kitu. Akaniuliza kwa nini ufunguo umetoka na mkono wake haukutoka. Swali hilo lilitupa kipindi kizima. Tulizungumza kuhusu muda, kuhusu kutulia, kuhusu kwa nini wazee wetu kwenye picha za zamani za studio wamekaza shingo vile. Ukitaka kuwaambia historia, waambie kwamba mwaka 1842 mwanasayansi Mwingereza John Herschel alikuwa akifanya jambo la namna hii kwa maji ya maua na majani. Watoto wangu walifurahi kusikia kwamba wanarudia kazi ya mtu mzima.

Na ukitaka rangi ya pili, watengenezee maji ya magadi na wayapitishe kwa brashi juu ya ile njano iliyobaki. Itageuka nyekundu ya udongo mbele ya macho yao. Haidumu sana rangi hiyo, na picha zenyewe zikibandikwa kwenye mwanga zitafifia, kwa hiyo zihifadhiwe ndani ya daftari.

Wiki ya pili geuza darasa liwe kamera. Ziba madirisha yote kwa nailoni nyeusi ile ya mafundi ujenzi, acha tundu moja la ukubwa wa kifungo cha shati, upande ambao nje kunapigwa na jua. Ingiza watoto ishirini ishirini, maana joto litakuwa kali. Wakae kimya mpaka macho yazoee giza. Wawili washike shuka jeupe hatua moja au mbili kutoka kwenye tundu. Mtaa utatokea juu ya shuka, wenye rangi, unatembea, na kila kitu kichwa chini. Kwetu ilipita baiskeli, na unajua Tanga na baiskeli, ikapita miguu juu, na darasa likapiga kelele hadi walimu wa pembeni wakaja kuona kulikoni. Nao nikawaingiza. Aliyeandika kwa kina jinsi mwanga unavyopita kwenye tundu la namna hiyo ni al-Hasan ibn al-Haytham wa Basra, yapata miaka 1000 iliyopita. Nina kina Hassan wanne darasani. Siku hiyo hawakukamatika.

Sasa toa simu. Lakini kabla mtoto hajaishika, mkatie fremu ya boksi yenye uwazi wa ukubwa wa karata. Afumbe jicho moja, atembee nayo shule nzima, atafute picha yake, na akiipata amweleze mwenzake anachokiona na kwa nini kingo zimeishia pale zilipoishia. Akishaweza kueleza, ndipo anakuja kwako. Sheria yangu ni moja na siivunji: kila mtoto picha moja. Hakuna kurudia, hakuna kufuta. Wiki ya kwanza ya simu hakuna sura za watu. Wenzangu waliona nawabana watoto, na hata mimi niliogopa hivyo mwanzoni, lakini nimeona jinsi mtoto mwenye picha moja anavyosimama. Anapiga magoti. Anasubiri wingu lipite. Anamwomba mwenzake asogee. Mwenye nafasi hamsini hafanyi hayo.

Na wewe, mikono nyuma. Hili ndilo gumu kuliko yote. Usimshike mtoto kiwiko, usimwambie sogea kushoto kidogo. Ukimsogeza, picha inakuwa yako.

Kulikuwa na mvulana mmoja mkimya, wa kukaa nyuma. Zamu yake ilipofika alikwenda hadi kwenye mwembe ambapo baiskeli ya mlinzi wetu huegeshwa, akainama, akabonyeza mara moja, akanirudishia simu. Nilipoangalia, baiskeli haimo. Kuna mchanga mtupu na kivuli cha gurudumu kimelala, spoku zimenyooka kama miba ya samaki, na pembeni ncha ya kandambili yake. Nilidhani amekosea, na kidogo nimruhusu arudie. Nikamuuliza kwanza. Akasema, "Baiskeli ni ya babu mlinzi na sikumwomba. Nimepiga kivuli, kivuli hakina mwenyewe."

Sijafundisha somo la ruhusa vizuri kuliko alivyolifundisha yeye kwa sentensi ile. Na bado mwaka uliofuata nikakosea palepale.

Nilikuwa nimewaruhusu kwenda nyumbani na simu wikiendi, kwa zamu, chini ya mzazi. Binti mmoja akaleta picha ya chumbani kwao: kitanda, chandarua kimefungwa fundo, na ndoo sakafuni chini ya paa linalovuja. Mwanga umeingia kwenye tundu la bati ukaangukia ndani ya maji ya ndoo. Ilikuwa picha bora ya mwaka ule, na nikaitundika katikati kabisa siku ya wazazi. Mama yake alikuja, akasimama mbele yake. Kisha akatoa vibanio kimoja kimoja, akaikunja picha mara mbili, akaitia kwenye mkoba. Hakunifokea. Alisema, "Mwalimu, hapo ndipo ninapolala."

Nilikwenda kwake jioni ile kumwomba radhi na alinipokea, lakini ile sauti ninayo hadi leo. Tangu hapo picha ya mtu, au ya ndani ya nyumba, haipandi ukutani mpaka aliyepigwa au mwenye nyumba ameiona ikiwa imesafishwa, mkononi mwake, na amesema ndiyo. Kuruhusu kupigwa ni jambo moja, kuruhusu kuonyeshwa ni jingine. Mzazi naye asaini karatasi iliyoandikwa Kiswahili cha kueleweka inayosema picha zitaonyeshwa wapi. Mtandaoni mimi sipandishi kabisa sura ya mwanafunzi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na wenzetu Kenya mwaka huohuo shule moja ilitozwa faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 na Kamishna wa Ulinzi wa Data kwa kupandisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mwonyeshe mwalimu mkuu wako hilo kabla hajakuomba picha za kuweka kwenye ukurasa wa shule. Mimi hata bila sheria ningefanya hivyo, kwa ajili ya yule mama.

Kusafisha picha kuna gharama, hapo sikudanganyi. Sisi wazazi walichanga kidogo kidogo, na mwenye studio akatupunguzia kwa sababu zilikuwa nyingi. Picha ndogo ya kawaida inatosha. Nyuma mtoto anaandika jina lake la kwanza na sentensi moja.

Kwa upande wa usanifu, fanyeni kanga. Wiki moja kabla, kila mtoto anakili majina ya kanga za nyumbani kwao, na wanaleta mambo ambayo hata mimi sijawahi kuyasoma. Halafu tandika kanga moja sakafuni wakae kuizunguka, wauone mpangilio: pindo linalozunguka pande zote nne, mji katikati, na jina chini ya mji. Waulize pindo lina kazi gani. Wangu walisema ni kama fremu ya boksi, na ndivyo.

Mji wa kanga yao unatoka kwenye picha yao. Wanaibandika picha kwenye kioo cha dirisha, karatasi juu yake, wanafuata kingo kwa penseli. Hapo ndipo wanajifunza kupunguza, maana picha ina mambo mia na kanga inataka matatu. Mchoro unahamishiwa kwenye manila iliyosuguliwa mshumaa pande zote mbili ili isinywe rangi. Wao wanakata kwa mkasi, sehemu za ndani zinazohitaji wembe unakata wewe. Kisha wanagonga rangi ya kitambaa kwa kipande cha sponji la godoro juu ya marekani iliyofuliwa ikaisha gundi yake. Sponji iwe karibu kavu. Rangi ikiwa nyingi inapenya chini ya manila na mji wote unavuja, na hakuna njia ya kuurudisha.

Jina la kanga walitunge wenyewe, methali za watu zisikubaliwe. Wape siku mbili. Yule binti wa ndoo aliandika MVUA INAPITA SISI TUPO, na mama yake ndiye aliyeichagua rangi. Mwingine aliomba aandike jina lake kwa herufi za madrasa, nikamwambia aandike, kwani kanga za zamani ziliandikwa hivyohivyo. Mvulana wa kivuli alichora gurudumu moja kubwa, pindo lote spoku, na jina NIMEPITA HAPA. Kanga ile alimpa babu mlinzi. Imefunikwa kwenye tandiko la baiskeli mpaka leo, imepauka, lakini jina linasomeka.

Uliuliza pia kuhusu zawadi kwa mshindi. Sisi hatutoi. Mwaka wa kwanza tulitoa, na watoto wawili waliokosa walizichana picha zao njiani kurudi nyumbani.

Ukienda sokoni, nunua manjano uliyoyaona yakisagwa, ya pakiti mengine yamechanganywa na unga na karatasi inatoka madoa. Jaribu kwanza peke yako nyumbani, kipande kidogo. Hapa kwetu Februari yanapauka kwa saa tatu hadi nne, Mei kwenye mawingu siku nzima haitoshi. Jua la Singida silijui, kwa hiyo ukishaanika ya kwanza niandikie hapahapa imechukua muda gani, na petali za alizeti zimetokaje.