Kadi si tatizo, tatizo ni bei

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Kwa nini mwenye bima binafsi ya afya bado anatoa hela mfukoni akifika hospitali, na je, bima ya afya kwa wote itamaliza kero hiyo?"

Nusu ya kwanza ya swali ina majibu mengi madogo, na mengi yanaweza kushughulikiwa kabla mtu hajaugua. Nusu ya pili ina jibu moja lisilopendeza: sheria inaweza kumlazimisha kila mtu awe na kadi, lakini haiwezi peke yake kuzifanya hospitali na bima zikubaliane bei. Kero nyingi za dirishani zinazaliwa hapo kwenye bei.

Tuanze na mkataba. Wakala akija ofisini hutaja namba moja kubwa: kulazwa milioni 10. Namba hiyo ndiyo inayouza bima, na ndiyo isiyokusaidia sana kujua ulichonunua. Ndani yake kuna vimfuko: uzazi una kikomo chake, meno chake, miwani chake, magonjwa sugu chake. Tuseme kulazwa ni milioni 10 na uzazi ni milioni 1.5. Mama akijifungua kwa upasuaji na bili ikafika milioni 2.6, familia inatoa milioni 1.1 hata kama ile milioni 10 haijaguswa hata shilingi. Kimfuko hakiongezwi juu ya mfuko mkubwa, kimo ndani yake. Kisha uliza kama kikomo ni cha kila mtu au cha familia nzima. Milioni 1 ya wagonjwa wa nje kwa watu watano, masika moja ya homa na vikohozi vya watoto inatosha kuimaliza, na miezi iliyobaki mnatembea na kadi ya mapambo.

Mtoto mchanga naye ana shimo lake. Mikataba mingi inataka aandikishwe ndipo ahesabike mnufaika. Akizaliwa njiti na kuwekwa chumba cha uangalizi maalumu, gharama za siku hizo zinaweza kuangukia kwenye kimfuko cha uzazi cha mama, ambacho kimeshaisha, au zisiangukie popote. Uliza swali hilo ujauzito ukiwa na miezi miwili. Usilisubirishe hadi uchungu uanze.

Muda wa kusubiri, yaani kipindi ambacho umeshajiunga lakini bima bado hailipi, wengi wanausikia, wachache wanauhesabu. Kwa kawaida magonjwa ya ghafla husubiri kama mwezi mmoja, uzazi miezi 9 hadi 12, na maradhi uliyoingia nayo, kama presha na kisukari, hadi mwaka. Anayehama kazi ndiye huumia zaidi, kwa sababu kampuni mpya ya bima humhesabu kama mgeni. Dawa yake ni barua. Kabla hujaondoka, omba bima ya zamani ikuandikie ulikuwa mwanachama tangu lini hadi lini, kisha mwajiri mpya aipeleke kwa bima yake na kuomba muda wa kusubiri ufutwe. Mara nyingi inakubalika kama hakuna pengo kati ya bima mbili. Ukikaa hata mwezi bila bima, hoja hiyo inadhoofika.

Kuhusu orodha ya hospitali, usimwulize wakala. Nenda dirisha la bima la hospitali unayotarajia kuitumia, taja kampuni na jina la kifurushi, uliza: "Hiki mnakipokea leo?" Kampuni moja inaweza kuwa na madaraja matatu ya kadi, na hospitali ikapokea la juu tu. Orodha iliyochapishwa Januari inaweza kuwa imeshakufa Juni. Halafu tazama ramani. Mtu wa Mbagala au Chanika akiwa na bima ambayo hospitali zake zote ziko Masaki na Upanga, amenunua foleni ya magari.

Sasa kibali, maana hapa ndipo watu hugombana na mhudumu asiye na kosa. Kipimo kikubwa, upasuaji au kulazwa huhitaji bima ikubali kwanza. Daktari anaandika anachoshuku na anachoomba, dirisha la bima linatuma, na upande wa pili kuna mtu, mara nyingi daktari au muuguzi, anayelinganisha maombi na mkataba. Yeye hakuoni. Anasoma mistari miwili. Daktari akiandika "uchunguzi wa jumla", mkataba unasema uchunguzi wa afya kwa asiyeumwa haulipwi, na jibu linakuwa hapana. Mgonjwa yuleyule angeandikiwa "maumivu ya mgongo wiki sita, ganzi mguu wa kushoto, dawa na mazoezi ya viungo hayajasaidia", picha ya MRI ingekuwa na nafasi nzuri ya kupita. Daktari hajaongeza uongo hata kidogo, ameandika tu alichokisikia.

Kwa hiyo ukiambiwa "bima imegoma", usiondoke na maneno hayo mawili. Uliza imekataa kwa sababu ipi. Huduma haimo kwenye mkataba? Hilo halibadiliki leo. Kikomo kimeisha? Omba taarifa ya matumizi, maana wakati mwingine bili ya mtu mwingine wa familia, au bili iliyoingizwa mara mbili, ndiyo imekula kikomo chako. Maelezo hayatoshi? Rudi kwa daktari aongeze maelezo na majibu ya vipimo vya awali, maombi yatumwe upya siku hiyohiyo. Sababu hii ya tatu inatibika kwa urahisi kuliko zote, lakini watu wengi huenda nyumbani au hulipa keshi kabla ya kuijua. Chukua pia namba ya kumbukumbu ya maombi. Bila namba, ukipiga simu kituo cha huduma kwa wateja utasimulia upya kila anapopokea mtu mpya.

Makosa mengine ni ya karatasi tu: tarehe ya kuzaliwa ya mtegemezi haifanani na kitambulisho, jina la tatu limeachwa, mwajiri hajalipa awamu ya pili ya ada na kadi zote za ofisi zimezimwa Ijumaa jioni. Kwa dharura, mikataba mingi inaruhusu mgonjwa atibiwe kwanza na bima ijulishwe ndani ya saa 24 au 48. Nani atapiga simu hiyo? Kila nyumba iamue mapema, kwa sababu mgonjwa hawezi kupiga.

Mgonjwa akishalazwa, omba bili ya muda kila siku ya pili. Ukiona imebaki laki tano kwenye kikomo, bado kuna nafasi ya kuzungumza na daktari kuhusu kuhamia hospitali ya rufaa ya mkoa, Amana, Temeke au Mwananyamala. Ukigundua siku ya kutoka, huna la kuzungumza. Angalia daraja la chumba pia. Ukihamishiwa chumba cha peke yako kwa kuwa wodi imejaa, taka iandikwe kwamba ni hospitali iliyokuhamisha, la sivyo tofauti ya bei ni yako. Na fomu ya madai usiisaini ikiwa tupu. Huduma ambayo hukuipata ikijazwa humo, inapunguza kikomo chako leo na kupandisha ada ya ofisi yenu mwakani.

Wanaolipa keshi kwanza na kudai kurudishiwa wahifadhi risiti halisi ya mashine ya kodi (EFD), cheti cha dawa, majibu ya maabara na maelezo ya daktari, na wawahi siku ya mwisho iliyotajwa kwenye mkataba. Wajue pia kwamba bima hurudisha bei iliyoafikiana na hospitali zake. Kilichozidi hapo hakirudi.

Hapo ndipo tunapofika kwenye bei. Hospitali hailipwi siku unapotibiwa. Inakusanya fomu, inapeleka madai, inasubiri wiki au miezi, na fedha zikija zimekatwa: kipimo hiki hakikuwa na kibali, dawa ile imezidi bei, saini haionekani. Hospitali inayokatwa na kucheleweshwa hujilinda kwa njia mbili. Hupandisha bei ya mgonjwa wa bima, jambo linalomaliza kikomo chako haraka, au hubagua kadi kwa kusema mtandao uko chini. Kampuni ya bima nayo, ikiona bili zimevimba, inabana vibali. Kila upande una sababu ya kweli, na wewe uko katikati na mtoto mwenye homa.

Upande wa ada hali ni ileile. Tuseme ofisi ya watu 12 inalipa milioni 15 kwa mwaka, na mmoja wao figo zikashindwa kufanya kazi. Kusafisha damu hufanyika kwa kawaida mara tatu kwa wiki, ni zaidi ya mara 150 kwa mwaka. Ada ya wote 12 haitoshi. Mwaka unaofuata ada inapanda, au kampuni inasema haiwezi kuendelea. Kundi dogo haliwezi kubeba ugonjwa mkubwa. Wazee nao huambiwa umri umepita.

Hii ndiyo hoja nzito ya bima ya afya kwa wote, na naiunga mkono. Muswada ulifika bungeni 2022 na ukasuasua, huku watu wakibishana kuhusu pendekezo la Sh 340,000 kwa kaya ya watu sita. Sheria ikapitishwa Novemba 2023. Kiini chake ni ulazima, na ulazima una maana kubwa kuliko inavyosikika. Bima ya hiari huvutia wagonjwa. Toto Afya Kadi ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ilikuwa Sh 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, bei nzuri mno, na wazazi wengi waliikimbilia mtoto akiwa tayari anaumwa. Mwaka 2023 uandikishaji wa mtoto mmojammoja ukasitishwa na kuelekezwa shuleni. Wazazi hawakuwa wabaya, ndivyo binadamu anavyonunua kitu cha hiari. Mfumo wa wafanyakazi wa umma ndani ya NHIF, wa asilimia 6 ya mshahara, 3 za mwajiri na 3 za mfanyakazi, umedumu tangu 2001 kwa kuwa mzima na mgonjwa wote wanakatwa. Kazi iliyobaki ni mama lishe wa Buguruni na dereva wa bodaboda, ambao hawana karatasi ya mshahara ya kukata.

Hata hivyo, wanaosema sheria itamaliza ugomvi wa dirishani wakumbuke Machi 2024. NHIF ilipoanza kutumia kitita kipya cha mafao, yaani orodha ya huduma inazolipia na bei zake, hospitali kadhaa binafsi hapa Dar zilitangaza kusitisha kuwapokea wanachama wake, zikisema bei mpya hazifikii gharama. Kadi zilikuwa hai. Michango ilikuwa imekatwa. Hakuna aliyekosea fomu. Mgonjwa alirudishwa kwa sababu pande mbili hazikuafikiana bei ya huduma. Kenya nao walibadilisha mfuko wao wa bima ya afya Oktoba 1, 2024 na kuweka mchango wa asilimia 2.75 ya kipato, na bado hospitali binafsi zimeendelea kulalamikia madeni. Ulazima unaleta wanachama. Nani alipwe kiasi gani, na ndani ya siku ngapi, ni mazungumzo mengine kabisa, na katika mjadala wetu yamepewa nafasi ndogo kuliko hesabu ya mchango wa kaya.

Sheria hiyo haikuua kampuni binafsi. Naona nafasi yake halisi mbele ya safari ni nyongeza juu ya kitita cha msingi: chumba cha peke yake, hospitali ya chaguo lako, meno na miwani. Bima ya namna hiyo inaweza kuwa ya bei nafuu kuliko ya leo, kwa kuwa figo na saratani zitakuwa zimebebwa na mfuko mkubwa. Lakini mwenye bima binafsi sasa asiikatishe kwa kusikia habari redioni. Pengo lile la mwezi mmoja nililolitaja litamfuata.

Na mwenye dai lililokataliwa leo asisubiri mageuzi. Aombe sababu kwa maandishi, pamoja na kifungu cha mkataba kilichotumika, kwani dai lililokataliwa kwa mdomo halina pa kwenda. Barua ya kwanza iende kitengo cha malalamiko cha kampuni, nakala kwa dalali kama yupo. Wasipojibu au wakijibu ovyo, kuna TIRA, mamlaka inayosimamia bima, na kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ambatisha mkataba wote, si ukurasa wa vikomo peke yake. Mikataba mingi imeandikwa kwa Kiingereza, barua yako iandike kwa Kiswahili tu, ila vifungu vinukuu kwa namba na kwa lugha vilivyoandikwa.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam