Barua pepe za matangazo zikiishia kwenye taka

Umeuliza kwa nini barua pepe unazowatumia wateja 6,000 kwa mkupuo zinaangukia kwenye folda ya taka, ilhali maandishi ni mazuri. Maandishi yaache kwanza. Hakikisha kikoa chako (jina linalofuata alama ya @ kwenye anwani yako) kina rekodi za SPF, DKIM na DMARC zilizowekwa sawasawa; hizi huthibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli. Tangu Februari 2024, Gmail inazidai kwa yeyote anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenye anwani za Gmail, pamoja na njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja.

Kisha kagua orodha yenyewe. Hapo ndipo wengi huharibikiwa. Anwani za kununua zifute zote, hata kama inauma. Wenye anwani hizo hawakukuruhusu, kwa hiyo watakuripoti kuwa unatuma taka, na malalamiko yakifika asilimia 0.3 ya barua, hata barua za wateja wanaokupenda zitaanza kukwama. Waliokaa kimya miezi sita waulize mara moja kama bado wanakuhitaji, wasipojibu, waondoe.

Idadi ya barua zilizofunguliwa usiitegemee, maana huhesabiwa kwa picha iliyofichwa ndani ya barua, na Apple Mail inaweza kupakia picha za barua kabla mtu hajaisoma, ikahesabika imefunguliwa. Pima mibofyo kwenye viungo vilivyomo. Ukihamia kikoa kipya, anza na wale wanaobofya mara kwa mara, uongeze taratibu kwa wiki kadhaa.