Moshi mweusi kwenye gari kuukuu la turbo: chanzo kitafutwe wapi?

SWALI: Ndugu fundi, ninaishi Kisauni na ninaendesha Subaru Forester ya turbo ya mwaka 2003, niliyoinunua Nairobi. Nikikanyaga mafuta kupanda Mazeras hutoa moshi mweusi, plagi zimejaa masizi, na kompyuta imesoma hitilafu P0172. Sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi kwenye ekzosi, imebadilishwa na hali ni ile ile. Fundi mwingine ananiambia kuwa gari limezoea hewa ya Nairobi. Thamostati, ile valvu inayozuia maji ya kupoza injini hadi yapate moto, iliondolewa hapa Mombasa kwa ajili ya joto. Je, ninunue sensa nyingine?

JIBU: Usinunue. P0172 maana yake ni kwamba sensa imeona petroli imezidi, na kompyuta imeipunguza hadi ukomo wake bila hali kutengemaa. Lau sensa ingekuwa inaripoti kimakosa kuwa petroli imezidi, kompyuta ingeikata na plagi zako zingekuwa nyeupe. Na lau ingekuwa inaripoti kuwa imepungua, aghalabu hitilafu ingesomeka P0171. Masizi yako na hitilafu yako vinasema jambo moja, kwa hiyo sensa inasema kweli.

Hoja ya hewa ya Nairobi nayo iachwe. Gari la kabureta lililosetiwa kule juu, penye hewa nyepesi, likiteremka pwani huelekea kupungukiwa na petroli, si kuzidiwa. Lako lina sensa inayopima hewa, na kompyuta hujirekebisha yenyewe.

Ninaanza na thamostati, kwa kuwa tumeizoea mno desturi ya kuitoa. Injini hii inaihitaji ifunguke maji yakifika karibu nyuzijoto 78. Isipokuwepo, maji huzunguka bila kizuizi, na ukiwa barabarani upepo huyapoza hadi kompyuta ikadhani kwamba injini haijapata moto, ikaendelea kuongeza petroli ya kuamshia injini asubuhi. Rudisha thamostati, na ikiwa gari litachemka, dawa ni rejeta, feni au pampu ya maji. Hapo hapo chomoa soketi ya sensa ya joto la maji uitazame kwa tochi: hewa yetu ya chumvi hutia kutu ya kijani kwenye pini zake, na kutu hiyo huongeza ukinzani, jambo ambalo kwa kompyuta ni dalili ya baridi. Sensa nzima hupima takriban omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzijoto 20, na omu 200 hadi 400 kwenye nyuzijoto 80.

Hata hivyo, moshi unaotoka zaidi mlimani unanielekeza kwenye mipira ya turbo, yaani mabomba yanayopeleka kwenye injini hewa inayosukumwa na turbo. Hewa hupimwa kabla ya kuingia kwenye turbo, na kompyuta humwaga petroli kwa hesabu hiyo. Mpira ukivuja kati ya turbo na mlango wa hewa wa injini, sehemu ya hewa iliyokwisha kuhesabiwa hutoka nje, ilhali petroli yake huingia yote. Gari likiwa limesimama na injini inanguruma tu, humo hamna shinikizo na hutaona kasoro. Ukikanyaga, uvujaji huanza. Kwa sababu hiyo mpira wenye ufa chini ya klampu huonekana mzima ukiukagua kwa macho, isipokuwa vumbi lililoloa oili pembeni yake. Ziba mdomo wa njia ya hewa, ingiza hewa ya pampu isiyozidi baa 1, kisha nyunyiza maji ya sabuni kuanzia kwenye turbo hadi kwenye intakula (kipoza hewa ya turbo), na penye tundu patatoa povu. Ikiwa gari limefungwa ile valvu inayopumulia nje, ambayo vijana huipenda kwa mlio wake, rudisha ya asili inayorejesha hewa ndani, kwani ya nje hutupa hewa iliyokwisha kupimwa kila unapoachia mafuta.

Mwombe fundi asome kwenye kompyuta asilimia ya marekebisho ya mafuta, yaani kiasi cha petroli ambacho kompyuta inaongeza (juu ya sufuri) au inapunguza (chini ya sufuri). Ikiwa iko karibu na sufuri gari likiwa limesimama na inashuka chini ya sufuri kadiri mzigo unavyoongezeka, ni mipira. Ikishuka zaidi gari likiwa limesimama, pima presha ya petroli, ambayo inapaswa kuwa takriban baa 3 mpira wa vakyumu (mfyonzo wa injini) wa regyuleta, kidhibiti cha presha ya petroli, ukiwa umechomolewa. Mpira huo ukitoa petroli, regyuleta imepasuka.

Moshi kidogo ukikanyaga mafuta hadi mwisho usikutie hofu. Injini ya turbo chini ya mzigo mkubwa hulishwa kwa makusudi sehemu 11 hadi 12 za hewa kwa moja ya petroli, badala ya 14.7 za kawaida, ili isiungue.

Kwa sasa usilikimbize gari, maana petroli isiyoungua huharibu katalisti (kisafisha moshi cha ekzosi) na huteremka kwenye oili. Nusa kijiti cha kupimia, utaisikia. Tengenezo likikamilika, badilisha oili na plagi, futa hitilafu, uliendeshe siku chache kama kawaida, kisha usome tena marekebisho. Yakiwa ndani ya asilimia 5 juu au chini ya sufuri, limepona.